Jumatatu Kabla ya Jumapili

Mazungumzo ya redio katika kipindi cha amani, kwa wasikilizaji wa Masisi na Walikale. Yamechapwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji.

Jambo kwenu mlio katika kambi, nanyi mlio katika nyumba za watu waliowapokea. Jambo kwenu mlio njiani, na kwenu mliorudi mkakuta shamba lenu limelimwa na mwingine. Jambo pia kwenu bami, mashefu wa lokalite, wazee, wachungaji, mapadri, makatekista na mama viongozi wa vikundi.

Leo tuzungumze juu ya jambo moja. Wakristo wa kwanza walipogawanyika kwa lugha na kwa kabila, walifanya nini? Na sisi tunaweza kuchukua nini kwao? Mara nyingi tunasikia wahubiri wakisema turudi katika kanisa la mwanzo. Lakini wengi wakisema hivyo wanafikiri juu ya miujiza, kufunga na kunena kwa lugha. Ni wachache wanaosema juu ya namna kanisa lile lilivyogawa chakula, lilivyosikiliza mashitaka, na lilivyokataa sadaka za watu fulani. Mimi naona huko ndiko tunakohitaji kuangalia.

Kwanza tukumbuke tulipotoka. Mwezi wa Machi 1993 watu waliuawa katika soko la Ntoto, katika Walikale, na vita ikapanda mpaka Masisi. Wahunde, Wanyanga na Watembo walikuwa upande mmoja, na watu wa lugha ya Kinyarwanda, Wahutu kwa Watutsi, upande mwingine. Maelfu walikufa, na watu wapatao 250,000 walikimbia. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia kwa wingi, pamoja na askari na Interahamwe, na vita ikabadilika sura. Mwezi wa Mei 1996 watu waliokuwa wamekimbilia katika monasteri ya Mokoto, wengi wao Watutsi, walishambuliwa humo humo na wengi wakauawa. Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wakano na Wakumu nao wana makaburi yao. Hakuna kabila katika sehemu zetu lisilo na mahali pa kulilia.

Katika pande zote walikuwamo watu waliobatizwa. Walikuwamo waimbaji wa kwaya, mashemasi na watoto wa makatekista. Jumapili walikaa katika viti vimoja, na siku nyingine za juma wakakaa katika mikutano ya kabila, kila mmoja katika mkutano wake. Hiyo ndiyo sababu nasema ubatizo peke yake haukutosha. Kitu fulani kilikosekana kati ya Jumapili moja na Jumapili nyingine.

Sasa twende Yerusalemu. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya sita, tunasoma kwamba kanisa bado lilikuwa changa, na tayari palikuwa na manung'uniko. Wakristo wote walikuwa Wayahudi, lakini wengine walizungumza Kiebrania au Kiaramu, ndio wenyeji wa pale. Wengine walizungumza Kiyunani, maana walitoka nchi za mbali. Hawa wa Kiyunani walilalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku.

Ndugu zangu mlio kambini, mnalijua jambo hili kuliko mwalimu yeyote wa teolojia. Gari la msaada limefika. Orodha inasomwa. Majina ya upande mmoja yanaitwa, na ya upande mwingine hayamo. Mama mmoja amepata jetoni mbili, na mjane aliye nyuma ya kambi hana hata moja. Mwenye kuandika orodha ni ndugu wa fulani. Hapo watu hawabishani tena juu ya unga na maharagwe, wanabishana juu ya kabila, na usiku unapoingia maneno yanakuwa mazito.

Mitume walifanya nini? Hawakusema kwamba walalamikaji ni wachochezi. Hawakusema kwamba katika Kristo hakuna kabila, kwa hiyo nyamazeni. Wala hawakuanza kuhubiri juu ya uvumilivu. Walikubali kwamba shida ipo, wakaita watu wote, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema, na kazi ya kugawa ikawekwa mikononi mwa hao saba. Sasa angalieni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Majina yote saba ni ya Kiyunani. Walimu wengi wa Biblia wanaona hapa kwamba watu wale walichaguliwa, wote au wengi wao, katika upande ule uliolalamika. Maana yake ni kwamba waliosema wameonewa ndio waliopewa mizani. Nao wajane wa Kiebrania iliwapasa kupokea chakula chao kutoka katika mikono hiyo.

Hebu tufikiri juu ya jambo hilo. Katika kijiji ambacho Wahutu ni wengi, je, kamati ya ugawaji inaweza kukabidhiwa kwa Wahunde walio wachache? Katika kijiji cha Wanyanga, je, mizani inaweza kushikwa na mama Mtutsi? Mtu atasema, wataiba. Lakini mwenye kuogopa kwamba yule ataiba, na ajiulize kama yule hana hofu hiyo hiyo juu yake. Ndiyo maana mitume walitaka watu wenye sifa njema, waliochaguliwa mbele ya wote. Orodha isomwe hadharani, iandikwe katika daftari, na daftari likae mahali ambapo kila mmoja anaweza kuliona. Upendo bila daftari hauendi mbali pale ambapo watu wana njaa.

Tuendelee. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mnamo mwaka 155, mwalimu mmoja aitwaye Yustino, mzaliwa wa Samaria, aliandika utetezi wa Wakristo mbele ya Kaisari wa Roma. Alieleza kwamba zamani watu hao walichukiana na kuuana, na hawakukubali kukaa mahali pamoja na watu wa kabila lingine kwa sababu ya desturi zao. Sasa, alisema, wanaishi pamoja na wanawaombea adui zao. Aliandika pia kwamba sadaka ya Jumapili iliwekwa kwa kiongozi wa mkutano, naye akaitumia kwa yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni waliokuwa kwao. Yustino hakutaja minara wala majengo. Ushahidi aliompelekea Kaisari ulikuwa huu, kwamba watu wa makabila mbalimbali wanakaa pamoja. Kama mtu angeandika leo kwa wakubwa wa dunia juu ya makanisa ya Masisi na Walikale, je, angeweza kutoa ushahidi huo?

Kipo pia kitabu kidogo kinachoitwa Didakhe, yaani Mafundisho ya Mitume. Ni cha zamani sana, labda cha mwisho wa karne ya kwanza. Kilipotea kwa muda mrefu, kikapatikana mwaka 1873 katika mji wa Konstantinopoli. Nataka tuchukue mambo mawili humo.

La kwanza ni juu ya mgeni. Kitabu kinafundisha kwamba msafiri apokewe na kusaidiwa, akae siku mbili au tatu, na akitaka kubaki, afanye kazi na ale kwa kazi yake. Wazee wetu nao walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni shauri jema, maana familia zilizopokea waliokimbia zimechoka. Zimegawana nao kitanda, sufuria na shamba, na mara nyingi hakuna aliyekuja kuwauliza wao wanakula nini. Lakini hapa ndipo tunapaswa kufikiri upya. Mkimbizi wa vita si msafiri. Hakuondoka kwake kwa kupenda, na siku ya tatu hawezi kuendelea na safari. Tena ukimpa jembe pasipo shamba, umempa mti na chuma tu.

Katika Masisi tunajua kwamba shamba ndilo neno gumu. Kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya Wabelgiji ilileta makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda, ikawapa sehemu za kukaa, na haikuwauliza vizuri wenye nchi. Baadaye, katika miaka ya 1970, watu wenye nguvu walipata makonsesio makubwa ya ng'ombe, na wakulima wa kila kabila wakasukumwa milimani. Sheria za uraia nazo zilibadilishwa mwaka 1972, mwaka 1981 na mwaka 2004. Mtoto aliyezaliwa hapa akasikia leo ni mwananchi, kesho ni mgeni. Kanisa haliwezi kumaliza mambo hayo yote peke yake. Lakini makanisa mengine yana ardhi. Parokia au kanisa lenye hekta ambazo hazilimwi linaweza kuziazima kwa majira moja au mawili kwa familia zilizokimbia na kwa familia zilizozipokea, kwa barua iliyoandikwa, mbele ya shefu, pasipo kuangalia kabila. Na barua hiyo iseme wazi kwamba ni kuazima, si kuuza, ili kesho isiwe mbegu ya vita nyingine.

Jambo la pili katika Didakhe ni hili. Mtu mwenye ugomvi na mwenzake asijiunge na mkutano wa Jumapili mpaka wapatane, ili sadaka yao isitiwe unajisi. Ni sawa na fundisho la Yesu katika Matayo, sura ya tano, la kuacha sadaka mbele ya madhabahu na kwenda kwanza kupatana na ndugu.

Mtu atauliza, watapatana lini, na mbele ya nani? Jibu tunalipata katika kitabu kingine, kilichoandikwa Siria katika karne ya tatu, kiitwacho Mafundisho ya Mitume, au Didaskalia. Kinawaagiza maaskofu kusikiliza mashitaka siku ya pili ya juma, yaani Jumatatu. Kwa nini Jumatatu? Kwa sababu kama mmoja hakuridhika na hukumu, basi ziko siku nyingine za juma za kuliangalia tena neno lile, na Jumapili wote wawili wawe na amani. Wenye shitaka wasimame wote wawili mbele ya baraza, na askofu na wazee wasimsikilize mmoja tu wakati mwenzake hayupo. Mwenye kushitaki kwa uongo naye arudiwe. Na kabla ya maombi, shemasi alipaswa kuuliza kwa sauti kubwa kama yuko mtu mwenye neno na mwenzake.

Wapenzi wasikilizaji, sisi tumeshika Jumapili tukaiacha Jumatatu. Tunasalimiana kwa mikono miwili wakati wa ibada, halafu neno la mpaka wa shamba linabaki moyoni mwaka mzima, mpaka siku mtu wa bunduki anapopita na kuuliza nani ni adui yako. Hapo neno dogo linakuwa kifo.

Kwa hiyo nina shauri kwenu viongozi. Kila Jumatatu, chini ya mti au katika chumba cha shule, pawe na baraza dogo. Wakae watu wa makanisa mbalimbali na wa makabila mbalimbali, wanaume na wanawake, pamoja na mwakilishi wa shefu, na ndugu Waislamu wakiwapo wasiachwe nje. Wasikilize maneno ya mipaka ya mashamba, mbuzi waliokula mihogo, madeni, matusi, orodha za msaada, na mtu kukaa katika nyumba ya aliyekimbia. Wasipokee kuku wala pombe kutoka kwa mwenye shitaka. Desturi ya baraza si ngeni kwetu. Mwaka 1998 iliundwa huko Goma Barza ya jamii za Kivu ya Kaskazini, nayo kwa miaka kadhaa ilisaidia kuwaleta wazee wa makabila pamoja. Baadaye siasa iliingia ikaigawanya. Funzo lake ni kwamba baraza la wakubwa mjini halitoshi kama hakuna baraza dogo kijijini.

Lakini hapa pia tufikiri upya, na ninaomba mnisikie vizuri. Wakristo wa zamani walipenda kumaliza mambo yao ndani, kwa sababu mahakama za wakati ule zilikuwa za wapagani, na wengine ziliwatesa. Tusichukue desturi hiyo tukaitumia kuficha uovu. Kuua, kubaka na kuwaingiza watoto katika jeshi si maneno ya baraza la Jumatatu. Hayalipwi kwa mbuzi, wala msichana haozwi kwa mtu aliyemharibu. Sheria ya nchi ya Julai 2006 juu ya ubakaji ni kali, nayo ni kwa wote. Mwisho wa Julai 2010, katika Luvungi na vijiji vya njia ya Kibua mpaka Mpofi, katika Walikale, mamia ya watu walibakwa kwa siku chache. Wanawake wengi walithubutu kusema. Ilichukua miaka kumi, lakini Novemba 2020 mahakama ya kijeshi huko Goma ilimhukumu Sheka, mkubwa wa kundi moja kati ya makundi yaliyofanya maovu hayo, kifungo cha maisha. Kama mama hao wangeambiwa wasamehe na kunyamaza, hukumu hiyo isingekuwapo. Kazi ya kanisa katika mambo kama hayo ni kumsindikiza aliyeumizwa kwa daktari upesi, kabla siku tatu hazijapita, kutunza siri yake, na kumshika mkono mpaka mbele ya hakimu.

Kitabu kile cha Siria kina maneno mengine mawili ya kutufaa. Kinasema maskini akiingia katika mkutano, awe wa pale au mgeni, tena akiwa mzee, na hakuna nafasi, askofu ampishe kiti chake mwenyewe, hata kama yeye atakaa chini. Makanisa yetu yana viti vya mbele vya wakubwa. Jumapili ijayo tuangalie ni nani amesimama mlangoni.

Neno la pili linauma zaidi. Kinawakataza maaskofu kupokea sadaka za watu waliozipata kwa damu na kwa dhuluma, kama wauaji, mahakimu wenye kula rushwa na wenye kuwaonea maskini. Kinaona ni heri kuvumilia njaa kuliko kuwalisha wajane kwa mali hiyo. Sisi tunaishi karibu na koltani ya Rubaya na kasiterite ya Bisie. Mchimbaji anayeingia shimoni kwa jasho lake simsemi. Nasema juu ya mtu wa bunduki aliyeweka bariere, akatoza kila mfuko unaopita, halafu akaleta mabati ya kanisa. Kama mchungaji akipokea mabati hayo, atasema nini siku watu wa mtu huyo watakapochoma kijiji? Kinywa chake kimekwisha kufungwa. Vilevile juu ya vijana wanaochukua silaha. Wazazi wana hofu, na kutaka kulindwa si dhambi. Lakini kanisa la zamani lilikuwa na woga mkubwa juu ya kumwaga damu. Mchungaji hana ruhusa ya kubariki mkuki wa kabila lake na kulaani mkuki wa kabila lingine.

Najua kuna wanaosema, mambo haya ni madogo, vita yetu ni kubwa. Ni kweli, Januari 2025 mapigano yalifika Masisi mjini na Goma, na Machi ikawa Walikale mjini. Februari kambi nyingi za kuzunguka Goma zilibomolewa, na watu wakaambiwa warudi kwao, wengine mahali pasipo na nyumba. Mwezi ule ule wa Januari maaskofu Wakatoliki wa CENCO na Waprotestanti wa ECC walikuwa wametangaza mkataba wa kijamii wa amani, wakaanza kuzungumza na wakubwa wa pande mbalimbali. Ni kazi ya lazima. Lakini wakubwa wakisha kutia sahihi, ni wewe na jirani yako mtakaokutana katika njia ya mto. Mkataba hautawaonyesha ni nani ateke maji kwanza. Mtu aliyerudi atakuta mtu mwingine ndani ya nyumba yake, na huyo naye alikimbia mahali pengine. Kama hakuna baraza wanaloliamini wote wawili, watatafuta bunduki.

Basi mkitoka hapa, anzeni na moja tu. Mahali panapogawiwa msaada, ombeni orodha isomwe mbele ya wote, na wanaolalamika waingie katika kamati. Mahali pasipogawiwa kitu, anzeni na baraza la Jumatatu. Msingoje watu wa kabila lingine waanze wao.

Amani iwe kwenu nyote, mlio nyumbani na mlio mbali na nyumbani.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Hapa kwetu, nani anashika orodha na mizani? Ni nani wanaosema wamesahauliwa, na je, tumewasikiliza?

2. Ni maneno gani ya kijiji yanaweza kumalizwa na baraza la Jumatatu, na ni yapi lazima yaende kwa hakimu?

3. Kanisa letu lina shamba lisilolimwa? Linaweza kuazimwa kwa nani, na kwa barua ya namna gani?

4. Ni sadaka gani ambayo kanisa letu lingepaswa kuikataa?

5. Mtu akirudi kutoka ukimbizini na kukuta mwingine ndani ya nyumba yake, tutafanya nini ili wote wawili wapate pa kulala usiku huo?